Usiniuzie bodi mpya kabla hujasukuma geti kwa mkono

Leo siandiki kuhusu programu. Naandika kuhusu geti, tena nikiwa na hasira, kwa hivyo wale waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata wanivumilie kidogo. Itakuja.

Tuelewane kwanza kuhusu neno moja. Huku kwetu ukisema gareji mtu anafikiria pale penye oili chini, Probox imeinuliwa juu ya mawe na vijana wawili wamelala chini yake. Kwa Wamarekani gareji ni chumba cha nyumba, gari linalala humo, na mlango wake mpana unapanda juu kwa mota. Wengi wetu hatuna chumba hicho. Tuna geti. Lakini mashine hizi ni ndugu: mota, bodi, rimoti, betri, na yale macho mawili ya pembeni ya kuzuia chuma kisimponde mtoto. Magonjwa yao yanafanana. Na hili ndilo lililonikera: mganga wao ni mmoja, na dawa yake ni moja tu. "Bodi imeungua. Tuagize mpya."

Nyumbani kwa wazazi wangu ni nje kidogo ya mji wa Wote, Makueni. Miaka minne iliyopita sisi watoto tulichanga pesa tukawawekea geti la kuteleza lenye mota, ili mzee asiwe akishuka garini kwenye mvua kufungua. Tulijiona tumefanya jambo la maana. Kampuni iliyotuuzia (siitaji, na msiniulize) ilileta kijana mmoja, akaliweka kwa siku mbili, akamwonyesha Mwaitu jinsi ya kubonyeza rimoti, akala chakula, akaondoka.

Novemba iliyopita, usiku, mzee akazidiwa na pumu. Stima ilikuwa imepotea tangu jioni na mvua ilikuwa imenyesha kwa nguvu. Binamu yangu akawasha gari, Mwaitu akabonyeza rimoti. Ndani ya mota ikasikika "tik" moja, basi. Akabonyeza tena. Tik. Gari liko ndani, dereva yuko ndani, mgonjwa yuko ndani, na mbele yao kuna chuma chenye uzito wa kilo mia tatu na zaidi.

Mwaitu alinipigia simu saa nane usiku. Nilikuwa Kitui. Nikamwambia, "Mwaitu, ubavuni mwa mota kuna kitundu cha ufunguo. Fungua, vuta ule wenzo, halafu binamu asukume geti."

Akanijibu, "Ufunguo alienda nao yule kijana, mwanangu. Alisema huo ni wa mafundi."

Walimtoa mzee kwa mlango mdogo wa pembeni, wakamweka kwenye pikipiki ya jirani katikati ya watu wawili, mvuani, hadi hospitali. Alipona. Siku hizi anaisimulia safari hiyo kwa kicheko. Mimi bado sijaweza kucheka.

Asubuhi stima ikarudi, geti bado limekataa. Mwaitu akawapigia waliotuuzia. Jibu alilipata kabla hajamaliza kueleza: "Hiyo ni bodi, mama. Na bodi za aina hiyo hazitengenezwi tena, kwa hivyo itabidi mota nzima. Shilingi 68,000, na nauli ya fundi juu yake." Hakuulizwa swali hata moja. Lilianza lini? Lilitoa sauti gani? Linafungua likakataa kufunga, au linakataa yote mawili? Mtu aliye umbali wa saa kadhaa, ambaye hajaliona geti, alikuwa tayari ameshajua ugonjwa, dawa, na bei.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Mteja akinipigia kusema mfumo wake haufunguki, nami nikamjibu anunue kompyuta nyingine, atanifukuza, tena kwa haki. (Ni kweli tuliwahi kuwa hivyo. Zamani za Windows 98 kila ugonjwa dawa yake ilikuwa kufuta kila kitu na kuweka upya. Nilikuwa miongoni mwao. Natubu.) Hitilafu inatafutwa kwa kuigawanya: unatenga sehemu moja, unaijaribu peke yake, ukiiona nzima unaiacha na kwenda kwa inayofuata. Geti si tofauti. Geti ni rahisi zaidi, maana unaweza kulishika.

Jumamosi nikatoka Kitui, nikapita Kwa Vonza, Wamunyu, Machakos, nikashuka hadi Wote. Nilibeba mita ya kupimia volti, bisibisi mbili, brashi ya kupakia rangi, na kitabu cha maelekezo ya mota nilichokipakua bure kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe. Ndiyo, bure. Kipo wazi kwa kila mtu. Sisi tuliolipa hatukupewa. Pale Wote fundi wa vitasa alikichomoa kile kitasa cha mota, akachonga ufunguo kwa shilingi 300.

Sasa sikiliza jambo la kwanza, na ukisahau mengine yote usisahau hili. Itenge mota na geti, kisha sukuma geti kwa mkono. Geti zima linapaswa kutembea kwa mkono mmoja, bila kukwama, mwanzo hadi mwisho. Likikulemea wewe, linailemea mota pia, na hapo hakuna bodi duniani itakayokusaidia.

La kwetu tulilisukuma watu wawili na halikwenda. Mvua za Novemba, zile ambazo Ukambani tunazitegemea kuliko za Machi, zilikuwa zimeteremsha mchanga na kuizika reli kwa zaidi ya mita moja. Gurudumu la nyuma lilikuwa na beringi iliyoshikana kwa kutu. Na tazama uzuri wa mashine hii: bodi huwa inapima mkondo wa umeme unaovutwa na mota. Mkondo ukipanda ghafla, inachukulia kwamba kuna mtu amebanwa, inasimamisha kila kitu. Kwa hivyo ile bodi "iliyoungua" ilikuwa macho, inaona mzigo mkubwa, inakataa kumuumiza mtu asiyekuwepo. Ilikuwa inafanya kazi yake kuliko wote waliohusika na geti lile, mimi nikiwemo, maana katika miaka minne sikuwahi kushika fagio na kufagia ile reli. (Na tafadhali usipake grisi kwenye reli. Grisi inashika mchanga. Grisi ni ya beringi.)

Jambo la pili, betri. Mota yetu inatumia volti 24. Stima ikiwepo inapata nguvu kwa transfoma, stima ikipotea inategemea betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Betri nzima ya namna hii, iliyojaa na kupumzika, husoma volti 12.6 au 12.7. Yetu moja ilisoma 11.2. Nyingine 3.9, mbavu zimevimba kama ng'ombe aliyekula majani mabichi. Hizi ni betri za risasi na asidi, na adui yake ni joto: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 unakata umri wake karibu nusu. Sasa iweke kwenye kasha la plastiki, juani, Makueni, miaka minne. Ilikuwa imekufa kitambo, ila hakuna aliyejua, kwa sababu mchana stima ikiwepo geti linatembea vizuri. Betri ya akiba hufa kimyakimya. Ile "tik" aliyoisikia Mwaitu ilikuwa swichi ya ndani ikijaribu kuamka na kukosa nguvu. Kama yule wa simu angeuliza tu, "Mama, linatoa sauti gani?", jibu lingekuwa limeshapatikana nusu.

Jambo la tatu ndipo nikaifungua bodi yenyewe. Juu yake, amelala kwa kukingama kwenye skrubu za nyaya, alikuwepo mjusi kafiri mmoja, mkavu kabisa, na kando yake sisimizi wamejenga. Mjusi huyo ndiye aliyekata fyuzi ndogo ya macho ya pembeni. Macho yakikosa umeme, bodi inaamini kuna kitu kimesimama njiani, hivyo geti hufunguka lakini hukataa kufunga. Mwaitu alikuwa amelalamika hivyo tangu Oktoba! Aliambiwa abadilishe betri ya rimoti.

Wenye kucheka kwamba mjusi hawezi kuangusha mashine wakumbuke tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipoanguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, na Kenya nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika. Wa kwetu hakunusurika.

Nilisafisha kwa brashi. Hesabu ikawa hivi: betri mbili shilingi 6,400, beringi 700, fyuzi 20, ufunguo 300. Jumla 7,420. Bodi ni ileile. Geti linatembea.

Mtasema ni bahati yangu, kisa kimoja hakithibitishi kitu. Haya, nipeni dakika, nirudi Kitui.

Jirani yangu pale Kitui aliishi Marekani miaka mingi, akarudi, akajenga, na akajijengea gareji halisi ya Kimarekani yenye mlango wa kupanda juu. Siku moja mlango ukapanda shubiri moja ukasimama. Fundi akaja, akasema mota imechoka. Wakanunua mpya, ile ile ikagoma. Fundi akasema basi mlango huu unataka mota kubwa zaidi. Ikanunuliwa kubwa zaidi. Ikauvuta mlango siku chache, ikanuka, ikafa.

Nilipoitwa nilimuuliza jirani swali moja: kabla ya haya yote, ulisikia chochote? Akafikiri, akasema, naam, usiku mmoja tulisikia mlio kama bunduki, tukadhani ni wezi, tukakaa macho hadi alfajiri. Nikatazama juu ya mlango. Ile springi nene iliyojisokota kwenye fimbo ya chuma ilikuwa imekatika vipande viwili, na katikati pengo la vidole vitatu. Lilikuwa linaonekana kwa macho, bila ngazi.

Hapa ndipo watu wengi hawaelewi, kwa hivyo nitakaa kidogo. Mota ya mlango wa gareji haiinui mlango. Springi ndiyo inayoinua. Springi inakazwa kiasi kwamba uzito wa mlango unakaribia kuwa sifuri, na mota kazi yake ni kusukuma kidogo tu, kama unavyosukuma bembea. Ndiyo maana milango hii ilikuwepo kabla ya mota: C. G. Johnson wa Marekani aliutengeneza mlango wa kupanda juu mwaka 1921, na mota akaiongeza mwaka 1926. Jaribio lake ni ndugu wa lile la geti, ila ni la mlango ambao springi yake ni nzima kwa macho. Mlango ukiwa umefungwa chini, itenge mota, uinue kwa mikono hadi kiunoni, na uwe tayari kuushika. Ukisimama hapo, mizani iko sawa. Ukianguka, springi imechoka. Springi ya kawaida huhesabiwa kufanya kazi mara 10,000 hivi. Ukifungua na kufunga mara nne kwa siku, ni kama miaka saba. Ya jirani ilikuwa na miaka minane. Iliyokatika kabisa kama yake, usijaribu kuinua chochote. Acha mlango chini, umwite anayejua.

(Na springi hiyo usiiguse. Nzima ina nguvu ya kukuvunja mkono au zaidi, inabadilishwa na mtu mwenye fimbo zake maalumu anayejua anachofanya. Kugundua ugonjwa ni jambo moja, kupasua ni jingine.)

Mota mbili zilinunuliwa kwa sababu ya springi moja iliyokuwa ikionekana kwa macho.

Kwa nini inakuwa hivi? Rafiki yangu mmoja, fundi mzuri wa hapa Kitui, alinijibu vikali nilipomlalamikia, na nusu ya jibu lake ni kweli. Akasema: "Nyinyi wateja hamlipii kufikiri. Nikikaa kwako saa mbili nikapata kwamba ni fyuzi ya shilingi 20, utanipa 200 na kuniuliza nimefanya nini. Nikikuletea bodi ya 30,000, unalipa faida yangu bila kuuliza. Sasa wewe ungefanya nini?" Sina jibu la haraka. Watu wanaoandika programu tunajua uchungu huo: kurekebisha herufi moja kunachukua siku tatu, na mteja anaona herufi moja tu. Basi tulipe. Fundi akitumia saa mbili kutafuta, alipwe saa mbili, hata kama dawa ilikuwa fagio. Mimi niko tayari kumlipa shilingi 3,000 anayeniambia "bodi yako ni nzima" kuliko 68,000 kwa asiyefungua kifuniko.

Lakini hoja hiyo haimwokoi muuzaji. Muuzaji hakukosa muda. Alichukua ufunguo akaondoka nao. Aliificha karatasi ambayo watengenezaji wameitoa bure. Hiyo ni mbinu ya kumfanya mteja arudi, na ina historia ndefu. Mwaka 2004, Marekani, kampuni ya Chamberlain inayotengeneza mota za milango ya gareji ilishindwa kwenye mahakama ya rufani ilipotaka kuizuia Skylink kuuza rimoti zinazofungua milango hiyo. Chamberlain ilijitetea kwa sheria ya hakimiliki! Yaani mtu aliyenunua mlango, akiufungua kwa rimoti ya mwingine, aonekane amevunja kufuli la kazi ya sanaa. Mahakama ikasema hapana. Haikuwafundisha sana. Novemba 2023 kampuni ileile iliwafungia njia waliokuwa wakiunganisha milango yao na programu huria za nyumbani. Na Aprili 2017 mwenye kifaa kiitwacho Garadget alimkatia mteja mmoja huduma ya seva kwa sababu aliandika maoni mabaya kuhusu bidhaa hiyo. Mlango uko nyumbani kwako, ruhusa iko kwenye seva ya mtu aliyekasirika.

Msidhani mambo haya ni ya huko mbali. Mwezi uliopita wale wale waliotuuzia geti walimpigia Mwaitu kumtangazia aina mpya, ya kufunguliwa kwa simu popote ulipo, mradi kuna intaneti. Kule kwetu mvua ikinyesha mtandao unapotea pamoja na stima. Fikiria usiku ule wa Novemba, mzee hapumui, na geti linangoja jibu kutoka ng'ambo.

Kuna kitu kingine mafundi wa haraka hufanya, na hiki ni hatari. Macho ya pembeni yakisumbua, wanayaruka kwa kipande cha waya, geti linafunga, mteja anafurahi. Marekani, tangu tarehe 1 Januari 1993, mota za milango ya gareji za nyumbani zinazotengenezwa lazima ziwe na macho hayo au ukingo wenye kuhisi mguso, kwa sababu watoto walikufa chini ya milango. Geti la kilo mia tatu lisilo na macho halijapona. Fyuzi ni shilingi 20. Utando wa buibui unafutwa kwa kitambaa. Ukitaka kujua kama jicho linatoa mwanga wake usioonekana, litazame kupitia kamera ya simu, ile ya mbele hasa. Simu nyingi zinauona kama nukta ya zambarau.

Na wanaosema hizi ni fadhila za muuzaji, wasome Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46. Mtumiaji ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa au huduma aliyonunua, na kifungu kinawagusa watu binafsi na kampuni, si serikali pekee. Ufunguo wa kulitenga geti na mota yake ni habari iliyofanywa chuma. Umri wa betri ni habari. Karatasi ya maelekezo ni habari, na kama ingekuwa kwa Kiswahili au Kikamba, Mwaitu angeisoma mwenyewe saa nane usiku bila kunipigia. Hiyo ya Kiswahili nimeanza kuiandika, nimefika ukurasa wa tisa. Sijapata neno zuri la ule wenzo. Mwaitu anauita "sikio", kwa sababu unalivuta na geti linatii. Nimeliandika hivyo.

Ufunguo sasa uko kwenye msumari jikoni, juu ya kopo la chumvi. Juzi nilipopiga simu kuuliza hali ya mzee, Mwaitu aliniambia yuko nje na mama jirani, anamwonyesha geti lake la jirani linavyosukumwa. Na lake pia wameambiwa ni bodi.